Nilivyomsifia Mama Zipu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeingia mji huu kutoka Masasi nikiwa na elimu ya darasa la nne na kandambili za rangi mbili tofauti. Nimebeba magunia bandarini, nimesukuma mkokoteni, nimelala juu ya marobota ya watu, na leo hii ukiingia Kariakoo ukauliza mapazia ya jumla yanauzwa wapi, utaletwa kwangu kabla hujamaliza swali. Nimeona mtu akifungua mzigo wake wa viatu akakuta vyote ni vya mguu wa kushoto, akakaa chini akacheka. Nimeona bwana mmoja akinunua mapazia ya nyumba mbili kwa siku moja, rangi moja, kipimo kimoja, akaniomba nimwandikie risiti mbili kwa sababu wake zake hawajuani. Nimefilisika nikainuka, nikafilisika tena nikainuka tena, bila kwenda kulia kwa ndugu. Kwa hiyo jirani yangu wa duka, mwanamke wa umri wa kuitwa bibi, aliponiambia anataka kwenda hospitali akapimwe kama ana usonji, sikushangaa. Nilimwuliza tu, "Unaumwa wapi?"

"Siumwi," akasema. "Nataka kujua."

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Mtaa mzima unamwita Mama Zipu, na mimi sitamwita vinginevyo. Anauza zipu, vifungo, lastiki na nyuzi za cherehani, kwenye fremu iliyobanana na yangu. Katikati yetu kuna ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye nasema pole. Ni ujirani wa miaka mingi. Alinijua nikiwa na duka la mlango mmoja, sasa nina milango mitatu, na hajawahi kuonyesha kwamba ameona tofauti yoyote, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa linaniudhi.

Watu wengi walishindwa naye kwenye salamu. Hapa kwetu asubuhi haianzi mpaka watu wameulizana: umeamkaje, nyumbani wazima, biashara inasemaje, ile timu yetu jana mbona imetuaibisha. Mama Zipu ukimwuliza habari za asubuhi atakujibu nzuri, basi. Hatakuuliza zako. Ukijiweka kwenye kiti chake ukaanza kusimulia, atakusikiliza, macho yake kwenye kifungo cha shati lako, na ukinyamaza kidogo kuvuta pumzi atakuuliza, "Umemaliza?"

Neno hilo limemgombanisha na nusu ya mtaa. Mimi mwenyewe, enzi hizo damu bado inachemka, nilisimama mlangoni kwake nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alisikiliza yote. Nilipoishiwa pumzi akaniuliza, bila hasira hata chembe, "Umemaliza?" Nikaondoka nacheka peke yangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anauliza kweli. Anataka kujua kama umemaliza, ili arudi kwenye zipu zake bila kukukata kauli. Kwake yeye hiyo ndiyo adabu.

Bei yake ni moja. Asiyeijua Kariakoo hawezi kuelewa huo ni ukaidi wa kiasi gani. Sisi tunaishi kwa kuongea. Mteja anataka umtajie kubwa, alalamike, umpunguzie, aondoke, umwite, arudi, acheke, alipe. Akinunua bila hayo analala na wasiwasi kwamba ameibiwa. Mama Zipu anataja bei mara moja. Ukimwambia nipunguzie, anasema hapana. Ukimwambia mimi si ndiye mteja wako wa siku zote, anasema ndiyo, nakujua. Kisha anaendelea kupanga vifungo.

Sasa njoo kwenye mkasa wa mawinga. Winga ni yule kijana anayemkamata mteja barabarani, anamleta dukani kwako na kumtajia bei iliyopanda, na kile cha juu kinakuwa chake. Sisi wenye maduka tunanyamaza, kwa sababu ndio riziki yao, na wasipoleta watu sisi tutakaa tunafukuza nzi. Siku moja winga mmoja alimleta mshonaji kutoka mkoani, akamtajia bunda la zipu elfu thelathini. Yule mshonaji akamgeukia Mama Zipu. "Eti mama, ni thelathini kweli?"

"Ni elfu kumi na nane," akasema Mama Zipu. "Kumi na mbili ni ya huyu."

Mungu wangu! Yule winga alitaka kupanda juu ya meza. "We mama una roho mbaya! Nimekukosea nini mimi? Una roho mbaya sijui kama nini!"

"Hujanikosea. Ameniuliza bei."

Wakamsusia. Hakuna winga aliyemletea mtu, na wakipita pale wanaimba "roho mbaya, roho mbaya" kwa sauti za kupokezana kama kwaya. Mimi ndiye niliyewapatanisha, maana kwa kupatanisha watu sijaona wa kunipita. Niliwaita, nikawanunulia soda, nikawaambia kuanzia leo mteja wa Mama Zipu mwacheni nje, chukueni hela yake huko huko, ingieni wenyewe kununua. Wakakubali. Mama Zipu nikamwambia aseme samahani. Akaniuliza samahani ya nini. Nikamwambia basi, we nyamaza, nitakusemea mimi. Nikamsemea, na wale vijana wakaondoka wameridhika.

Mateso yake makubwa ni kelele. Vile vispika vya mlangoni vinavyotangaza mashati elfu tano, elfu tano, sauti ileile kutwa nzima, mimi siku hizi sivisikii. Yeye anaziba masikio kwa pamba, kisha anafunga kilemba juu yake. Duka la mbele lilipoleta spika kubwa kama friji, alivumilia mpaka adhuhuri. Kisha nikasikia kitu kinagonga ubao wetu. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Nikaenda. Nikamkuta amekaa chini ya meza yake, magoti kifuani, anakigongesha kichwa chake ukutani pole pole, macho ameyafumba. Wateja wawili wamesimama wanamtazama. Nikawaambia kuna kitu kimeanguka, anakitafuta, waje baadaye. Nikashusha mlango wake nusu, nikasimama nje kama askari mpaka alipotoka mwenyewe. Hatukulizungumza siku ile wala siku nyingine. Nilihesabu kwamba hiyo ni siri yake, nikaitunza, na kutunza huko ndiko kulikokuja kuniponza.

Chakula chake ni wali na maharage, sahani mbili, kila siku iendayo kwa Mungu. Maharage yakiugusa wali, sahani inarudi. Mama ntilie wetu, mwanamke wa maneno, aliwahi kumwambia, "Mama Zipu, huko tumboni si vinakutana?" Akajibu, "Tumboni sioni." Mtaa ulicheka mwezi mzima. Yeye hakujua tunacheka nini, na hakuuliza.

Kwao ni Kilimanjaro. Ikifika Desemba watu wa kwao wanafunga maduka wanapanda wote nyumbani kula sikukuu, Kariakoo inabaki na nafasi ya kupita. Yeye anabaki. Mimi, kwa kuwa watu wa kusini utani tunaujua, nilikuwa namwuliza kila mwaka, "Mchaga gani wewe Desemba unabaki Dar? Wamekufukuza?" Mwaka mmoja akanijibu. Alisema kule watu wanakumbatiana, wanaimba, wanaongea wote kwa pamoja, na kila anayepita anamwuliza mbona umenuna. Mara ya mwisho aliwakimbia akaenda kukaa zizini na ng'ombe mpaka wageni wakaondoka. Dada yake mkubwa akamwambia mbele ya ukoo mzima kwamba ana kiburi na ana roho mbaya, kwamba amemwaibisha mama yao. Mama yao alifariki kabla ya sikukuu iliyofuata. Tangu hapo yeye na dada hawasemeshani. Alinieleza yote hayo kwa sauti ileile anayotajia bei ya lastiki.

Lakini huyo mwenye roho mbaya, mama yangu mzazi alipofariki, ndiye aliyenifaa kuliko ndugu zangu. Aliingia msibani, wanawake wamekaa mkekani wanalia, akasimama katikati yao akauliza kwa sauti, "Alikufa na nini hasa?" Wakamtazama kama jini. Pole hakusema. Akazunguka nyuma ya nyumba, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuosha masufuria, na hakuacha mpaka tulipoanua matanga. Alikuja kila siku, akaosha, akaondoka, bila kuzungumza na mtu. Siku ya mwisho akanipa mkono mkavu kama ubao, akaniambia, "Masufuria mawili hayakuwa yenu, nimeyarudisha." Shangazi zangu mpaka leo wananiuliza habari za yule mwanamke wa ajabu. Sikuwa na cha kuwaeleza.

Jina la jambo lenyewe alilileta mteja. Mama mmoja alikuja kununua zipu za sare za shule, amemshika mkono binti yake mdogo, na yule binti amevaa vile vizibo vikubwa vya masikio wanavyovaa watu wa viwandani. Mawinga wakaanza vicheko. "Oya, huyo rubani huyo!" Yule mama, kwa uchovu wa mtu aliyeeleza sana, akasema, "Ana usonji. Kelele zinamuumiza."

Mimi nilikuwa upande wangu, nasikia kupitia ubao. Nikasikia Mama Zipu ameacha kupanga zipu. Akaanza kuuliza. Anakula vyakula vilivyogusana? Hali. Watu anawatazama machoni? Kwa shida. Watu wanasema ana roho mbaya? Yule mama akacheka kidogo akasema, "Wanasema mimi nimemdekeza."

"Na wakikua, unaisha?"

"Hauishi. Wanakuwa watu wazima wenye usonji."

"Wako wapi hao watu wazima?"

Yule mama akasema hajui, labda wengine wapo tu, na wenyewe hawajui.

Kuanzia siku ile Mama Zipu hakutulia. Alitafuta kwenye simu, akapata hospitali moja ya kulipia upande wa Upanga yenye daktari wa mambo hayo, akapiga, akapangiwa siku. Hapo ndipo aliponieleza, nikamwuliza anaumwa wapi. Siku yenyewe nikamwona anafunga duka asubuhi, kitu ambacho hajawahi kukifanya, na baada ya muda si mrefu nikasikia anafungua. Nikaenda kumwuliza vipi.

"Nilifika getini," akasema.

Akapangiwa siku nyingine. Akafika getini, akarudi. Safari iliyofuata aliingia mpaka ndani, akakaa kwenye benchi, na jina lake lilipoitwa akanyanyuka akatoka nje. Akawa anakonda. Wali unarudi umeguswa nusu, na kupitia ubao namsikia anafungua zipu na kuifunga, anafungua na kufunga, mpaka mimi mwenyewe meno yanauma.

Nikaingia kwake nikakaa. "Mama Zipu, unaogopa nini? Hawachomi sindano. Unaogopa wakisema unao watu watakuita kichaa?" Maana hilo ndilo ningeliogopa mimi.

"Wameshaniita," akasema. "Naogopa wakisema sina."

Sikumwelewa, nikamwambia sijaelewa.

"Wakisema sina, basi ni roho mbaya." Macho yake yalikuwa kwenye kifungo changu, mkono unaifungua zipu. "Dada alisema kweli. Mawinga walisema kweli. Mama amekufa anajua kweli. Hakuna kingine cha kutafuta."

Mimi ninayeweza kumuuzia pazia mtu ambaye nyumba yake haina madirisha, nilinyanyuka nikaenda kukunja mapazia ambayo yalikuwa yameshakunjwa.

Hatimaye aliingia. Akakaa na daktari peke yake, akamweleza maisha yake, akarudi salama. Lakini daktari alimwambia anahitaji pia kumsikia mtu anayemjua kwa miaka mingi. Bora angekuwa ndugu aliyemwona utotoni. Kama hayupo, basi yeyote wa karibu. Mama Zipu akaja kwangu, akasimama mlangoni. "Nataka uje kwa daktari. Atakuuliza habari zangu, utajibu."

"Umefika penyewe," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nakuomba unielewe. Kwetu sisi ukiitwa kumsemea mtu, unamsemea. Nimekwenda posa kama mshenga sijui mara ngapi. Nimewaoza vijana ambao mama zao wenyewe walishakata tamaa. Nimesimama benki kumdhamini mtu, nimesimama polisi kumtoa mtu. Kote huko maneno ni yale yale: huyu ni mtu safi, nimekaa naye, sijamwona na kasoro. Kwa hiyo siku ya kwenda kwa daktari nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti na kofia. Mama Zipu akanitazama. "Mbona umevaa hivyo?" Nikamwambia asijali. Bajaji aliikataa kwa sababu ya mlio wake, tukaenda kwa miguu mpaka Upanga, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika kanzu isiingie kwenye maji machafu.

Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. "Shikamoo baba." "Marahaba, daktari wangu." Akaanza kuuliza. Mama huyu husalimiana vipi na wenzake? Nikasema vizuri sana, mtaa mzima wanapendana. Je, huwa kuna kutoelewana na watu? Nikasema hajawahi kugombana na mtu, hata mawinga wanamheshimu. Kelele zinamsumbua? Hapo nikakumbuka siku ile ya chini ya meza, nikajiambia, hapa ndipo pa kumstiri.

"Daktari, huyu mama amekaa Kariakoo miaka yote hiyo. Kelele kwake ni muziki."

"Hujawahi kumwona amezidiwa, baba?"

"Amezidiwa nani? Huyu ni mwamba!" Nilikuwa nimenoga. Nikasema ni mcheshi, ni mtu wa watu, wateja wanamfuata kutoka mikoani kwa uchangamfu wake. Nikasema ningekuwa na kaka asiye na mke, ningemwoza leo leo.

Mama Zipu alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikamgeukia nipate shukrani yangu. Nikaona amezamisha kucha za mkono mmoja kwenye nyama ya mkono mwingine, na midomo imekauka kama ya mtu mwenye homa.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole kwamba aliyoyasikia kwa mama na aliyoyasikia kwangu ni kama habari za watu wawili tofauti, na kwa hali hiyo hawezi kusema ndiyo. Hapana hakusema. Lakini Mama Zipu alisikia hapana.

Nje kwenye korido alisimama akautazama ukuta. "Nilikuambia ujibu," akasema. "Umejibu kama unauza pazia."

"Nimekusifia, dada yangu! Ulitaka nikuaibishe mbele ya daktari?"

"Nilitaka useme nilivyo." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, akasema, "Sasa ni roho mbaya."

Akaondoka. Sikuthubutu kumfuata.

Nilifika nyumbani nimenuna, nikamweleza mke wangu nikitegemea anipoze. Akaniacha nimalize, kisha akashika kiuno. "Yaani mtu amekwenda hospitali kueleza tumbo linamuuma, wewe unamwambia daktari tumbo lake zuri halijawahi kuuma?"

"Nilikuwa namstiri."

"Umemstiri mpaka matibabu yasimwone, baba watoto."

Kesho yake Mama Zipu hakufungua. Wala siku iliyofuata. Ule upande wa pili wa ubao ukawa kimya kama chumba kilichohamwa, na mimi nikawa kila nikitaja bei nasimama katikati nasikiliza. Simu yake inaita, haipokelewi. Washonaji wakaja wakaondoka. Yule winga wa elfu thelathini ndiye aliyekuja kuniuliza, "Bosi, Mama Zipu mzima kweli?" Nikamfokea aende zake. Lakini mwanamke anaishi peke yake, amesema maneno kama yale, na amefunga duka.

Nikafunga langu, nikaenda Buguruni. Anapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, chake cha mwisho, mbali na barabara. Nikabisha hodi. Wapangaji wakasema yumo, ila haongei na mtu, lakini huyo si ndivyo alivyo. Nikaweka sikio mlangoni, nikasikia mtu anapumua.

"Mama Zipu, ni mimi jirani."

Basi nikauhutubia mlango. Nikasema mimi sikuwa na nia mbaya, nikasema hivi ndivyo nilivyozoea, nikasema nimekosea, nikasema mke wangu amenisema, nikasema nitarudi kwa daktari nikaseme mengine. Watoto wa wapangaji wakakusanyika kunitazama, mzee mzima wa milango mitatu naongea na mbao. Nikaendelea mpaka maneno yakaniisha. Na hayaniishi mara nyingi.

Kutoka ndani nikasikia, "Umemaliza?"

"Bado," nikasema. "Nataka tukajaribu tena."

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho. "Uliharibu wewe," akasema. "Kikao lipa wewe."

"Nalipa."

"Na usivae kanzu."

Nilikwenda na shati la dukani. Nataka niseme ukweli: kumwoza kijana mlevi ni kazi nyepesi kuliko ile niliyoifanya siku hiyo. Kumkalia mwanamke mzima pembeni, mwenye heshima zake, na kumtajia yote ambayo watu wanamsema mgongoni! Nilieleza ya salamu. Nilieleza ya "umemaliza" na matusi niliyomtukana. Nilieleza mawinga na wimbo wao, sahani mbili, zizi la ng'ombe, msiba wangu na lile swali lake na yale masufuria. Kila nikimaliza moja namtazama, naona kucha zinazidi kuzama, nami natafuta kitu kizuri cha kuongeza kumpoza, namwona anatikisa kichwa. Daktari akauliza tena kama nimewahi kumwona amezidiwa. Nikakwama.

"Sema," akasema Mama Zipu. "Chini ya meza. Sema."

Nikasema. Magoti kifuani, kichwa kinagonga ubao, nilivyowadanganya wateja, nilivyoshusha mlango. Sauti yangu ilikatika mahali nikajifanya nakohoa.

Daktari hakuharakisha. Aliuliza machache zaidi, akamwuliza na Mama Zipu habari za utotoni, akarudi kusoma alichokiandika, taratibu mpaka nikatamani spika ya duka la mbele. Kisha akageuza kiti, akamtazama Mama Zipu.

"Mama, kwa yote niliyoyasikia kwako na kwa baba hapa, huu ni usonji. Umezaliwa nao, umekua nao. Siyo tabia mbaya."

Mama Zipu hakulia wala hakucheka. "Siyo roho mbaya?"

"Siyo roho mbaya, mama."

"Sema tena."

Daktari akasema tena. Akaambiwa aseme kuanzia pale pa kuzaliwa. Akasema. Mama Zipu akauliza kama na zizini ulikuwa ni huo. Ulikuwa ni huo. Na salamu? Na salamu. Akataka yasemwe yote kwa mpangilio, tangu mwanzo. Daktari akatabasamu, akatazama saa ya ukutani. "Muda wetu umekwisha, mama, kuna mtu wa saa tano. Tupange siku nyingine tuyazungumze vizuri."

Mama Zipu hakunyanyuka. Hakuwa anagoma, nilimwona, miguu ndiyo iliyokataa. "Nitampigia dada yangu simu leo," akasema. "Nataka niwe nayo yote. Nikikosea neno moja hatanisikiliza."

Nikatoka. Nikamwuliza dada wa mapokezi kuhusu huyo mtu wa saa tano. Akasema amepiga simu sasa hivi, hatakuja. Nikamwambia hiyo saa tano naichukua mimi.

"Baba, itabidi ulipie kikao kizima."

"Dada yangu, nielekeze dirisha tu."

Cha kwanza nilikuwa nimekilipia asubuhi, elfu tisini na tano. Nikatoa nyingine kama hiyo. Niliporudi dada wa mapokezi alikuwa ameshamwambia daktari, mlango umerudishwa, nikakaa kwenye benchi, na kwa ndani nikamsikia daktari anaanza tena kutoka mwanzo, taratibu, na Mama Zipu anarudia nyuma yake neno kwa neno. Sikuwa na haraka. Jumla yake, vikao vyote viwili, ilinigharimu shilingi laki moja na elfu tisini.